Kinga na Kinga

Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa mitungi.
Naiviringisha kutoka stoo hadi wadi ya tatu,
naikaza koki kwa spana,
natega sikio kama inavuja.
Hapa Baripada pumzi naijua kwa saa:
mtungi mkubwa, mgonjwa mmoja,
usiku mmoja, Mungu akipenda.

Singo Marandi aliletwa mvua zilipoanza,
mshonaji wa sahani za majani,
ncha za vidole zimetobolewa na njiti za mianzi.
Malaria kali. Dawa ikaingia mshipani,
na siku ya tatu kioo cha darubini kikarudi safi:
hakuna kimelea hata kimoja cha kusingizia.
Binti yake, Chhita, akacheka barazani.
Nami nikacheka.

Jioni ileile midomo ya mama ikawa rangi ya wino.

Dakta Lopamudra akainua picha ya kifua kwenye taa.
Nilitarajia mapafu; nikaona ukungu.
"Adui amekwisha kufa," akasema. "Hawa ni wetu."
Wetu: askari weupe walioitwa kwa mbiu,
wamesongamana katika mishipa myembamba kuliko unywele,
wanachoma mizoga, wanachoma na milango,
na ukuta ukilegea, maji hupenya
yakakaa kwenye kiti cha hewa.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.
Miaka yote nilidhani msemo huo ni wa kuni.

"Nani atawaambia warudi makwao?" nikauliza.
"Wapo," akasema. "Chembe chache, hazina panga,
kazi yao kusema *basi*."
"Zikisema mapema?"
"Kimelea kinatamalaki."
"Zikichelewa?"
Hakujibu. Akatazama kitanda cha pembeni,
cha yule kijana wa Karanjia,
godoro limekunjwa tangu adhuhuri.

Kisha akaniambia jambo ambalo bado linanikwaruza.
Damu ikipasuka, humwaga wekundu wake wenye chuma,
na wekundu huo nje ya chembe ni sumu, ni petroli juu ya moto.
Mwili huukatakata.
Chuma hufungiwa ghalani,
hubaki rangi ya kijani,
na mvuke kidogo sana
wa hewa ileile ya jiko la mkaa.

Hewa hiyo naijua mimi!
Ilimchukua shemeji yangu Nabakishor mwezi wa baridi,
mlango umefungwa, jiko liko miguuni,
uso wake mwekundu kama wa bwana harusi.
"Hiyohiyo," akasema dakta,
"lakini tone. Mwili huipika wenyewe,
nayo huwabembeleza askari."
Nilitaka kubishana. Mtungi ukapiga filimbi, nikaenda.

Saa nane za usiku tukamgeuza kifudifudi,
watu watano, mmoja kashika mpira wa hewa,
Chhita kashika unyayo tu, ndio uliobaki wa kushikwa.
Mgongo wake ulipanda na kushuka
kama shuka lenye paka chini yake.
Nilibadilisha mtungi mara mbili.
Mshale ulishuka, na mimi na mshale tukaangaliana.
Kwa mara ya kwanza nilijua
kwamba nilichokuwa nikileta si tiba.
Nilikuwa nanunua muda,
ili huko ndani, gizani, mtu nisiyemwona
amfikie kamanda na kumshika mkono.

Siku ya sita nikamkuta ameketi, anauliza chumvi.
Kwenye mkono, sindano ilipokuwa imechoma,
palikuwa na vilio la damu:
katikati zambarau,
pembeni kijani,
ukingoni manjano ya embe bovu.
Chhita akaogopa, akaniuliza kama ndiyo kuoza.

Nikapiga magoti nikalitazama lile kijani
muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Hapana," nikasema. "Wanaosha vyombo."